Jina Kwenye Kadi

Tarehe 4 Desemba 1903, katika kijiji cha Ingrave, Essex, mashariki ya London, mzee mmoja kibarua wa mashamba alimkaribisha mgeni nyumbani kwake. Mzee aliitwa Charles Potiphar. Walikuwa wamekutana jana yake nyumbani kwa kasisi, watu wakinywa chai, na mgeni alipoomba kusikia nyimbo za zamani, mzee hakukubali kuimba pale. Njoo kwangu, alimwambia. Mgeni akaenda. Wimbo wa kwanza aliouimba Potiphar ulikuwa "Bushes and Briars", na mgeni akatoa daftari akaandika nota, kisha akaandika jina la mwimbaji, jina la kijiji na tarehe.

Mgeni yule alikuwa Ralph Vaughan Williams. Alikuwa na umri wa miaka 31, mtoto wa kasisi aliyefiwa na baba akiwa mdogo na kulelewa katika nyumba kubwa ya upande wa mama yake huko Surrey. Bibi mzaa mama alikuwa dada wa Charles Darwin. Alikuwa amesoma Royal College of Music na Cambridge, na tayari aliitwa daktari wa muziki. Pamoja na vyeti vyote hivyo, muziki wake mwenyewe ulikuwa bado haujampata. Aliupata kwa kibarua. Katika miaka 10 iliyofuata alizunguka vijijini, kwenye vilabu vya pombe na bandarini kwa wavuvi wa King's Lynn, akakusanya nyimbo zaidi ya 800. Ukisikiliza kazi zake kubwa za baadaye, ule mwendo wa sauti wa wakulima na wavuvi umo ndani, kama chumvi ndani ya mboga.

Mwaka 1906 alikamilisha kazi ya kusimamia muziki wa kitabu cha tenzi cha Kanisa la Anglikana, *The English Hymnal*. Humo alichukua baadhi ya sauti alizookota vijijini akazivisha maneno ya ibada. Kila tuni katika kitabu cha tenzi lazima iwe na jina, na yeye akazipa majina ya mahali. Sauti aliyoimbiwa na mama mmoja, Harriet Verrall, mwaka 1904, ikaitwa Monk's Gate. Sauti aliyopewa na Bwana Garman wa Surrey ikaitwa Forest Green, kwa jina la kijiji. Anayefungua kitabu kanisani anasoma jina la kijiji juu ya ukurasa na hajui kama palikuwa na mama aliyekaa akaimba. Jina la mama limebaki kwenye daftari.

Lakini limebaki, na kwa sababu hiyo naiandika sura hii.

Mimi naandikia Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyo kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, Malawi. Kabla ya kuwa kambi palikuwa gereza, na wafungwa wa kisiasa wa enzi ya Kamuzu Banda walifungwa hapa. Jina lenyewe kwa Kichewa ni la mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994 gereza likafunguliwa kwa wakimbizi. Mahali palipotengwa kwa watu wasiozidi 12,000 leo panaishi zaidi ya 50,000, wengi wetu tumetoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachotuwezesha kuuziana nyanya, kuoana na kugombana.

Hapa kila mtu ana kadi. Ina namba, ina idadi ya watu wa nyumbani, ina nchi uliyotoka. Kadi yangu ya kwanza ilikosewa herufi moja ya jina la baba, na nilitumia miaka kadhaa nikiwa mtoto wa mtu ambaye hakuwahi kuishi. Karani aliyeniandika hakuwa mtu mbaya. Mstari ulikuwa mrefu na jua lilikuwa kali. Kilichonikaa moyoni zaidi ya ile herufi ni kwamba hakuna aliyeniuliza nilikuwa nafanya nini kabla ya kufika. Mbele yangu mstarini alisimama mwanamume mwenye gitaa mgongoni, gitaa kavu lililofungwa kwa kamba ya katani. Naye waliandika namba yake, idadi ya watoto, nchi. Gitaa halikuwa na kisanduku chake kwenye fomu.

Nilimkuta tena mtu huyo baada ya miaka, si kambini bali Kauma, pembezoni mwa Lilongwe, katika nyumba ya matofali aliyopanga. Alikuwa akitengeneza redio na simu, na jioni akipiga gitaa chini ya mwembe huku watoto wa Kimalawi wakimzunguka. Kidole gumba kilikwenda zake kwenye nyuzi nene, cha shahada kikacheza kwenye nyuzi nyembamba, na mtu aliyefumba macho angeapa kwamba wapigaji ni wawili. Mtu wa Katanga, huko Kongo, hahitaji kuelezwa mkono huo umetoka wapi. Nikamwuliza, "Papa, huu si mkono wa Mwenda?" Akacheka bila kuacha kupiga. "Mwanangu," akasema, "wewe ni wa kwetu."

Kutoka kwa Potiphar hadi kwa Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga, kuna njia, nayo inapita kwa Mwingereza mwingine.

Hugh Tracey alizaliwa Devon mwaka 1903, mwaka uleule wa kile kikao cha Ingrave. Akiwa kijana ambaye hajafika miaka 20 alikwenda Rhodesia ya Kusini kulima tumbaku na kaka yake. Shambani alisikia wafanyakazi wakiimba Kikaranga, akajifunza lugha, akajifunza nyimbo, na mwaka 1929 akawapeleka vijana kadhaa hadi Johannesburg kurekodi santuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alifika London, kwenye Royal College of Music, akiwa na swali la mtu aliyeona hazina na hana ufunguo: nifanye nini na muziki huu? Waliomjibu ni Vaughan Williams na rafiki yake wa tangu ujana, Gustav Holst.

Holst nampenda, na nitamweleza kidogo hata kama njia yetu haimhitaji kwa muda mrefu. Alizaliwa Cheltenham mwaka 1874. Mkono wake wa kulia ulisumbuliwa na maumivu ya neva hata akaacha ndoto ya kuwa mpiga piano, akapuliza tromboni kwenye bendi za opera ili apate kula. Kisha akawa mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana ya St Paul's, Hammersmith, kuanzia mwaka 1905 mpaka alipofariki mwaka 1934. Aliyetunga *The Planets*, kazi ambayo hata wasiojua jina lake wamewahi kuisikia kwenye filamu, aliitunga wikendi na wakati wa likizo, kwa sababu siku nyingine alikuwa darasani. Vijana wetu wanaodhani kwamba mwanamuziki wa Ulaya huamka asubuhi na kutunga tu, wasome maisha ya Holst.

Wazee hawa wawili hawakumwambia Tracey akae London asomee nadharia. Walimshauri arudi akatafute muziki wenyewe na kuurekodi, mwingi kadiri awezavyo, kabla ya mambo mengine. Ni ushauri wa watu ambao wenyewe walichelewa. Vaughan Williams alipofika vijijini, waimbaji wengi walikuwa wazee, na kila mazishi yalikuwa kama kitabu kilichotupwa motoni.

Tracey alitii, na kwa karibu miaka 40 hakuacha. Alipanda gari lililobeba mitambo, nyuma likivuta jenereta, akapita Afrika ya Kusini, Rhodesia, Msumbiji, Tanganyika, Kenya, Uganda, Kongo ya Wabelgiji na hapa petu, Nyasaland, Malawi ya leo, alikorekodi mwaka 1950 na tena mwaka 1957 na 1958. Jenereta aliiweka mbali ili ngurumo yake isiingie ndani ya wimbo, waya mrefu ukivutwa hadi uwanjani. Kipaza sauti hakukisimamisha mahali pamoja. Alikishika mkononi, akasogea kwa mwimbaji, akarudi kwenye ngoma, akainama kwenye ala, kama mpiga picha anayetafuta uso. Mwaka 1954 alianzisha International Library of African Music karibu na Johannesburg. Mfululizo wake, *Sound of Africa*, una santuri zaidi ya 200. Na kwa kila rekodi iliandikwa kadi: nani amepiga, kabila gani, lugha gani, wapi, lini, ala gani.

Nayasema haya bila kumfanya mtakatifu. Alisafiri katika Afrika iliyotawaliwa, akifunguliwa milango na wakuu wa wilaya na kampuni za migodi, akisaidiwa na Gallo, kampuni iliyouza santuri. Desturi ya biashara hiyo wakati ule ilikuwa malipo ya mara moja: umeimba, umelipwa, kwaheri. Mtunzi wa London alikuwa na Performing Right Society tangu mwaka 1914, chama cha kumdai mwenye ukumbi senti ya mtunzi. Mpiga gitaa wa mtaani Katanga hakuwa na chama. Tena penye kundi, mara nyingi kadi ilitaja kiongozi, na wengine wote wakawa "wenzake" tu. Naiona kasoro hiyo kila ninaposoma maelezo ya rekodi za Nyasaland. Lakini kasoro ninaiona kwa sababu kadi ipo.

Februari 1952 Tracey alikuwa Jadotville, mji wa shaba ambao sasa tunauita Likasi. Mtaani akamsikia kijana wa miaka 20 na kitu akipiga gitaa. Kijana alikuwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, mji wa mfalme Msiri wa Bayeke.

Bunkeya ina historia yake na Waingereza, tena ya kabla ya Wabelgiji. Mwaka 1886 mmisionari Mskoti, Frederick Stanley Arnot, alifika kwa Msiri na Biblia yake, na wenzake wakamfuata. Wamisionari walipowafundisha watu kusali, waliwafundisha pia kuimba. Kwa hiyo mtoto wa Bunkeya aliyezaliwa mwaka 1930 alizaliwa mahali ambapo sauti za tenzi zilikuwa zimefika zaidi ya miaka 40 kabla yake, karibu na ngoma za Bayeke. Juu ya hizo zikaja santuri za rumba kutoka ng'ambo, na gitaa zilizouzwa madukani katika miji ya migodi. Sitaki kudai kwamba nasikia utenzi wa Kiskoti ndani ya kidole gumba cha Mwenda. Ninachosema ni kwamba sikio lake halikulelewa katika nyumba yenye mlango mmoja.

Wimbo aliompigia Tracey unaitwa "Masanga". Ulitolewa kwenye santuri, ukashinda tuzo ya Osborn kwa muziki bora wa Afrika wa mwaka ule, na gitaa la Katanga likaanza safari. Likafika Copperbelt, likafika Nyasaland, likafika Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alikwenda Nairobi, na ndugu yake katika muziki, Edouard Masengo, akaonekana huko pia. Wakaimba redioni na katika matangazo ya biashara, na vijana wa Kenya wakakaa karibu na redio wakitafuta ni vidole gani vinafanya kazi hiyo. Huko London, David Rycroft alikaa na santuri ya "Masanga" akaiandika nota kwa nota, akachapisha uchambuzi wake mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika jarida la *African Music*. Msomi aliyezoea kuona nota za Bach zikichambuliwa hivyo alilazimika sasa kumwona Mwenda amekaa kwenye kiti hichohicho.

Mwaka 1969 Mwenda alipiga Newport, Marekani, kwenye tamasha kubwa la muziki wa asili. Ungedhani baada ya hapo hakurudi kazini. Alirudi. Kama Holst, hakuishi kwa muziki peke yake. Alifanya ukarani, akapiga gitaa penye nafasi. Miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ikapiga marufuku majina ya Kikristo, na Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Jadotville ilikwisha kuwa Likasi, Élisabethville ikawa Lubumbashi. Fikiria kazi ya mtu anayetafuta mwanamuziki huyo kwenye kadi: jina limebadilika, mji umebadilika, hata nchi imebadilika na kuitwa Zaire. Mpiga gitaa wa Uingereza, John Low, alifunga safari kumtafuta mwishoni mwa miaka hiyo. Alimkuta, na Masengo pia, akakaa miguuni pao kama mwanafunzi, akarudi na kitabu, *Shaba Diary*, kilichotoka mwaka 1982. Kwangu kitabu hicho ni malipo ya sehemu ndogo ya deni. Mwingereza mmoja aliandika kadi mtaani, na Mwingereza mwingine akarudi na kadi ileile kuuliza, je, bado upo, na unaweza kunionyesha?

Mwenda alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990.

Sasa nirudi kwa Vaughan Williams, kwa maana kuna sehemu ya maisha yake ambayo nilipoisoma, hapa Dzaleka, niliweka kitabu chini nikatoka nje.

Ilikuwa mwaka 1940. Ufaransa inaanguka, Uingereza inaogopa kuvamiwa. Ndani ya nchi walikuwamo maelfu ya Wajerumani na Waaustria, wengi wao Wayahudi waliomkimbia Hitler. Serikali ikaamua kuwakamata kama raia wa nchi adui. Watu kiasi cha 27,000 wakawekwa kambini. Wengine walipelekwa Huyton, karibu na Liverpool, kwenye nyumba za mtaa ambao ujenzi wake haujakwisha. Wengi wakavushwa hadi kisiwa cha Man, ambako hoteli za watalii wa pwani zilizungushiwa seng'enge. Aliyetoroka kambi za Hitler akawa nyuma ya waya wa wale waliopigana na Hitler.

Hans Gál alikuwamo. Mzaliwa wa karibu na Vienna, mtunzi aliyewahi kuongoza chuo cha muziki cha Mainz hadi Wanazi walipomfukuza mwaka 1933, alifika Uingereza mwaka 1938, akakamatwa Edinburgh akiwa na karibu miaka 50. Huyton akatafuta wapigaji. Akapata filimbi moja na fidla mbili, selo haikuwapo. Akatunga kwa alichokipata: *Huyton Suite*, kwa filimbi na fidla mbili. Wale waliosema kwamba kambini hakuna kitu cha kufanyia muziki wapigiwe kazi hiyo. Baadaye, kisiwani, akatunga muziki wa mchezo wa jukwaani wa wafungwa wenyewe kuhusu maisha yao ya kambini. Amri ya kumwachilia ilipokuja, alibaki siku moja zaidi ili aongoze onyesho. Nimewahi kusimulia habari hiyo kwa wanakwaya wa hapa, na mama mmoja wa sauti ya pili akasema polepole kwamba hata yeye angebaki.

Nje ya seng'enge, Vaughan Williams, sasa mzee wa miaka 67, mtunzi aliyeheshimiwa kuliko wote nchini, alikuwa tayari katika kamati ya kusaidia wakimbizi huko Dorking, mji wa kwao. Wizara ya Mambo ya Ndani ilipounda kamati ya kuchunguza nani kati ya wanamuziki waliozuiliwa aachiliwe, yeye akawa mwenyekiti. Kazi hiyo ilikuwa ya makaratasi matupu. Ilikuwa ya kukusanya majina na kuandika mbele ya kila jina: mpiga fidla, mtunzi, mwalimu wa piano, mwanafunzi wa nani. Taratibu za kuachiliwa zilikwenda kwa makundi. Mgonjwa, mtaalamu mwenye faida kwa taifa, msanii mwenye sifa kubwa. Lakini kijana wa miaka 18 aliyekimbia akiwa na fidla mkononi atoe wapi sifa kubwa? Lazima awepo mtu wa kusema: huyu nimemsikia, huyu ni mwanamuziki.

Vijana watatu wa namna hiyo walijuana kambini. Norbert Brainin, Peter Schidlof na Siegmund Nissel, wote waliokulia Vienna. Brainin alikutana na Schidlof katika kambi moja huko Shropshire, na Schidlof akakutana na Nissel kisiwani Man. Walipotoka walifundishwa na Max Rostal, mwenyewe mhamiaji, ambaye hakuwadai ada. Wakamwongeza Mwingereza mpiga selo, Martin Lovett. Mwaka 1947 aliwasikia Imogen Holst, binti wa yule mwalimu wa Hammersmith, naye akatoa fedha za kukodi ukumbi wa Wigmore, London. Tarehe 10 Januari 1948 wakapiga pale wakiitwa Amadeus Quartet. Walidumu wanne walewale, bila kubadilisha mtu, hadi Schidlof alipofariki mwaka 1987. Vitabu vinawaandika kuwa miongoni mwa wanamuziki wakubwa wa Uingereza. Hans Gál naye alifundisha Chuo Kikuu cha Edinburgh, akawa mmoja wa walioanzisha Tamasha la Edinburgh. Wanamuziki wa Uingereza! Walivuka na sanduku, wakafungwa, wakaandikwa kwenye orodha na mtu aliyejua kwamba kando ya jina lazima iandikwe kazi.

Ndiyo maana nilitoka nje. Ilikuwa jioni, moshi wa mkaa, watu wanasonga nsima. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kijana alikuwa anafanya mazoezi ya kinanda, betri imechajiwa kwa sola. Nilihesabu kichwani: mpiga kinanda huyu, walimu wa kwaya ninaowajua, wapigaji wa likembe, wacheza ngoma wa Kirundi, wachana mistari wa kila soko. Nani ana orodha yao?

Si kwamba hatujafanya kitu. Mwaka 2014 mshairi na mwanamuziki Mkongomani aliyekuwa mkimbizi hapa, Menes La Plume, alianzisha Tumaini Festival ndani ya kambi yenyewe. Wasanii wa Malawi na wa nje huja kupanda jukwaa moja na wasanii wa kambi, na wageni hulala katika nyumba zetu, wakila tunachokula. Nimeona mtu wa Lilongwe aliyeishi miaka yote bila kukanyaga Dzaleka akitoka kwenye nyumba ya jirani yangu asubuhi, mswaki mdomoni, akiuliza jina la wimbo wa jana. Tuna Yetu Radio, ambayo hutangaza kwa lugha zetu. Lilongwe kuna COSOMA, chama cha hakimiliki cha Malawi kilichoanzishwa mwaka 1992, na mtunzi huandikisha kazi yake huko. Lakini jukwaa huvunjwa Jumapili usiku, na wimbo wa redioni hupita. Wanaoondoka kwenda Marekani, Kanada au Australia huondoka na gitaa, na wanaoingia ardhini huondoka na kila kitu.

Mwaka 2023, serikali ilipotoa amri kwamba wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka, yule mzee wa Kauma alirudi. Redio alizokuwa akitengeneza aliwaachia wateja, gitaa akarudi nalo. Siku moja nilinunua daftari la karatasi ngumu sokoni, nikazikata karatasi ziwe kadi, nikaenda kwake. Nilikuwa nimechora mistari kwa kufuata kadi za Tracey: jina, lugha, mahali, tarehe, ala, namna ya kukaza nyuzi, umejifunza kwa nani. Huo wa mwisho niliuongeza mimi.

Alizisoma kimya. Kisha akanionyesha kidole kwenye mstari wa chini.

"Anza na huu, mwanangu."

"Papa, tunaanza na jina lako."

"Langu lipo kwenye kadi ya mgao. La yule halipo popote."

Akanipa jina moja, la mtu aliyefanya kazi naye Likasi, aliyemshika kidole gumba na kumwonyesha mahali pa kukiweka. Nikaliandika. Nikamwuliza jina la pili. Akafikiri. Akataja mtaa aliokaa mtu huyo, akataja baiskeli yake, akataja mkewe aliyeuza maandazi kwenye lango la kiwanda. Jina la pili halikuja. Alichukua gitaa, akakaza uzi wa tatu, akaanza wimbo ambao alisema mtu huyo alipenda kuuanza nao, na kila alipofika mahali fulani kwenye duru alisimama, akatazama chini, akaanza upya. Mimi nilikaa na kalamu wazi.